Handaki Kutoka Homa Bay hadi Uriri

Mama alianguka wakati wa mvua za masika, akitoka zizini na ndoo ya maziwa. Hakuvunjika, lakini alikaa pale kwenye matope mpaka jirani aliyekuja kununua maziwa akamkuta. Mimi nilipata habari siku tatu baadaye, tena kwa huyo jirani. Nilipomuuliza Mama mbona hakunipigia simu, alinijibu, "Ningekuambia nini? Kwamba nimekaa chini?"

Anaishi Uriri, peke yake tangu Baba afariki. Mimi ninafundisha kompyuta katika shule ya wasichana mjini Homa Bay. Si mbali sana, lakini si mahali pa kukimbilia asubuhi kabla ya kengele ya kwanza. Basi nikanunua kamera ndogo Migori mjini, zile zinazotuma picha kwenye simu, nikampelekea Jumapili. Jumamosi ni Sabato, na kwake hakuna msumari unaopigwa siku hiyo.

Aliigeuza mikononi. Mama alikuwa mkunga kwa miaka mingi katika zahanati moja upande wa Macalder, kule Nyatike, na mpaka leo hushika kitu kama anayekipima uzito.

"Picha zinaenda wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Moja kwa moja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini Mama nimjuavyo, nilisema kweli. "Hapana. Zinapitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza hii kamera, huko ng'ambo. Ndipo zinanifikia."

"Kwa hiyo kuna mtu huko anaweza kuniona nimejifunga leso, natafuta meno yangu?"

"Pengine hakuna anayeangalia."

"Pengine," alisema, akairudisha ndani ya boksi. "Nyara, nimezalisha nusu ya wanawake wa Nyatike. Unajua kwa nini walinikubali? Kwa sababu nilikuwa nafunga mlango."

"Nyara" maana yake ni "binti yangu" kwa lugha yetu ya Dholuo. Akiniita hivyo kwa sauti ya chini, mjadala umekwisha. Nikarudi Homa Bay na boksi langu.

Lakini njiani niliyarudia maneno yake. Hakukataa kuonwa. Alitaka kujua nani anamwona. Na jambo hilo lina dawa, maana nimelifundisha darasani mara nyingi bila kuwa na sababu ya kulihitaji mwenyewe. Dawa yenyewe mafundi huiita handaki. Unaweka mashine moja kwako na nyingine kwa mwenzako. Kila kinachotoka upande mmoja kinavurugwa kuwa fumbo, kinasafiri hivyo hivyo kwenye mtandao, na mashine ya pili ndiyo pekee inayojua kulifumbua. Aliye katikati akichungulia haambulii kitu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa nyumbani kwangu. Intaneti ninayo, waya umeingia mpaka sebuleni, ila wanaoniuzia walikuwa wametuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama ploti ya vyumba vingi yenye lango moja. Mashine ya Mama ingebisha hodi na isijue mlango wangu ni upi. Nilipiga simu huduma kwa wateja, nikarushwa kutoka mtu hadi mtu, mpaka nikampata msichana mmoja aliyenielewa. "Unataka anwani yako mwenyewe, isiyobadilika," alisema. Nusura nimbusu kupitia simu. Baada ya siku chache nikaipata.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Uriri tena, na ile kamera pamoja na kimashine cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye laini yake ya intaneti. Nilikiunganisha na televisheni ya Mama ili nione maandishi, nikaifunga kamera isiweze kutuma picha nje kwa njia nyingine yoyote. Mama alikuwa akichambua maharagwe.

"Unafanya nini?"

"Nachimba handaki kutoka kwako hadi kwangu."

"Mimi mashimo ninayajua. Wachimba dhahabu walikuwa wanaletwa kwetu zahanatini wakiwa wamefukiwa nusu."

"Hili halina udongo, Mama. Lina milango miwili, mmoja kwangu, mmoja kwako. Na wako una swichi. Usipotaka, unazima."

Nilimwonyesha swichi ukutani. Akazima, akawasha, akazima tena, akaniangalia kama mtu anayejaribu breki za baiskeli.

"Sawa. Lakini si humu ndani. Kamera iweke zizini. Ukiniona nakamua, ujue nimeamka salama. Ya ndani ni yangu."

Nilifika Homa Bay jioni, nikafungua kompyuta, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimesahau daftari mezani kwa Mama. Ndani yake nilikuwa nimenakili ufunguo wa ile mashine, herufi na alama arobaini na nne, na bila huo, mlango wangu usingeitambua. Simu ya Mama ni kabambe, ile ya vitufe tu, haipigi picha. Kesho yake baada ya shule nikampigia anisomee.

"Si ulisema ni siri? Mbona nausoma kwa simu?"

"Funguo ni mbili. Wa siri umebaki ndani ya mashine. Huu ni kama kufuli. Hata mtu akiuona, hawezi kufungua kitu nao."

"Haya. Miwani nimevaa. Kwanza ni K."

"Kubwa au ndogo? Lazima nijue."

"Tufanye hivi. Kubwa ni mama, ndogo ni mtoto. K mama. P mtoto. Saba. W mtoto. Sasa hapa kuna mapacha, R mbili, wote watoto."

Tulikwenda hivyo taratibu. Alama ya kujumlisha aliiita msalaba, na ile ya mkwaju akaiita fimbo iliyoegemezwa. Karibu na mwisho akakwama. "Huyu ni mwembamba, amesimama wima tu. Sijui ni nani." Ilikuwa ama I kubwa ama l ndogo, kosa la mwandiko wangu mwenyewe. Nikajaribu mama, mlango ukagoma. Nikajaribu mtoto, na kwenye skrini pakatokea mstari ukisema mashine mbili zimesalimiana sekunde nne zilizopita.

"Mama, naona ng'ombe!"

"Anaonekanaje?"

"Amenipa mgongo."

"Ndivyo alivyo kwa wageni," alisema, na nikasikia anacheka.

Tangu hapo ninakunywa chai ya asubuhi nikimtazama akikamua. Haiangalii kamera kamwe. Asubuhi moja nilikuta giza tupu, nikampigia mara moja. "Nimezima," alisema. "Leo sikutaka kuonwa. Lakini nimeshakamua, nenda kazini."

Kisha siku moja akaniuliza, "Hilo handaki linapita upande mmoja tu?"

"Linapita pande zote mbili."

"Basi mimi nakuonea wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitafuta kamera ya pili, nikaiweka jikoni kwangu, picha ikawa inatokea kwenye televisheni yake. Wiki ya kwanza niliosha sufuria kama mtu anayengoja mkaguzi. Ya pili nikazoea. Alhamisi jioni akapiga simu nikiwa na sahani mkononi.

"Unakula umesimama."

"Nina haraka, Mama."

"Jana pia ulisimama. Na juzi. Huna kiti?"

"Kipo. Kina vitabu."

"Vitoe."

Nikaviweka sakafuni, nikaketi. Ugali ulikuwa umeanza kupoa. Mume wangu alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, na Mama hakuwahi kuniuliza hata mara moja ninaishije. Nilidhani ananiona imara. Hakuuliza sasa pia. Alinieleza habari za mtamba wake na mahindi yanayoliwa na viwavi, nami nikawa nakula nikimsikiliza. Sijui ni wakati gani nilianza kusema. Nilimweleza yote, toka siku ile ya masanduku mlangoni, mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote Homa Bay.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, akaniuliza kama mboga zimebaki, niongeze.