Mchanjaji Anayetafuta Mikono Iliyovimba

Ngulyati, mwaka 1969. Umande haujakauka kwenye pamba, lakini Machibya ameshaegemeza baiskeli yake kwenye uzio na anabisha hodi. Leo mchanjaji huyu wa ndui anakagua mikono aliyoichanja wiki iliyopita, aone ni ipi imevimba.

"Mwangaluka, mayu," anamwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

Nyanjige anaitikia shingo upande. Binti yake Sayi, wa miaka minne, alishinda na homa jana, na mkononi ana lengelenge kubwa la usaha. Mama amelipaka samli. Mdogo wake, Marcelo, bado hajachanjwa.

"Na hatachanjwa," anasema mama. "Sayi alikuwa anacheza vizuri, wewe umemletea ugonjwa. Mtoto wa jirani hakuvimba hata kidogo. Dawa imemkubali."

Machibya anashika kichwa. Kosa hilo anakutana nalo kila kijiji: aliyevimba anapewa pole, asiyevimba anashangiliwa. Na safari hii lina hatari, maana ndui imeonekana si mbali na hapa. Ikimkuta Marcelo hivi hivi, huenda asipone.

"Huyo asiyevimba ndiye ninayemtafuta, nimchanje tena," anasema. "Mwili wa Sayi umemwona mwizi, umepiga yowe, kijiji chote kimetoka na marungu. Sasa wanamjua sura. Ndui yenyewe ikija, haitawakuta wamelala."

"Wametoka akina nani?"

"Askari wa kwenye damu."

"Wakishamaliza, wanakwenda wapi?"

Machibya anacheka. Swali hilo hilo alimuuliza mwalimu wake wa kozi kule Maswa, akajibiwa kwamba damu haisahau. Inakumbukaje, na haina kichwa? Mpaka leo jambo hilo linamkereketa, na akiwa njiani juu ya baiskeli hulizungumza peke yake kama mwehu.

Nyanjige anautazama mkono wa Sayi.

"Bibi yangu alikuwa na makovu ya ndui uso mzima," anasema. "Mgonjwa wa ndui akitokea, aliitwa yeye amuuguze. Wengine waliogopa. Yeye hakuugua tena. Sisi tulidhani ana dawa yake ya siri."

"Alikuwa nayo, mayu. Ndani ya damu."

Furaha inamjaa Machibya. Hajawahi kusikia jambo hili likielezwa vizuri hivyo. Anatumaini itafika siku ndui haitakuwapo tena, naye arudi kulima pamba.

"Nitafurahi sana kuikosa kazi hii," anasema.

Mama anamleta Marcelo. Machibya anamdonadona mkononi kwa sindano yenye ncha mbili, na mtoto anaangua kilio.

"Na asipovimba?" anauliza Nyanjige.

"Nitarudi wiki ijayo, nimchanje tena."

Mama anaupulizia ule mkono mdogo, taratibu.

"Vimba, baba," anamwambia mwanawe. "Vimba."