Kusimama Kanisani

Jiwe lililoniumiza mgongo halikuwa hata kubwa. Nilikuwa nimebeba makubwa kuliko hilo kwa miaka minne kwenye machimbo ya Kitengela, tangu nitoke Ukambani mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hilo niliinama tu kulisogeza, nikabaki nimeinama. Wenzangu walinipeleka hospitalini Kajiado nikiwa vivyo hivyo, natazama viatu vya watu.

Daktari hakunidanganya. "Hii maumivu itapungua, lakini kuisha sijui. Kitu moja: usikae sana. Ukishikwa, simama, jinyooshe, tembea kidogo."

Nikatii. Shida ikaja Jumapili. Pasta wetu alihubiri kwa muda mrefu, na benchi zetu hazikuwa na pa kuegemea. Niliposhikwa, nikasimama. Pasta akakatiza mahubiri, akaninyooshea mkono.

"Ndugu yetu ameguswa! Sema, ndugu!"

Watu wote wakageuka. Nikaona haya kutaja mgongo. "Namshukuru Mungu kwa wiki hii," nikasema. Wakaitikia amina kwa nguvu.

Jumapili iliyofuata nikasimama tena, nikashukuru kwa mvua. Haikuwa imenyesha. Wiki ya tatu nikashukuru kwa mke wangu, naye tulipofika nyumbani akaniuliza nimefanya kosa gani.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kujenga kanisa la mawe. Pasta akauliza, "Nani yuko tayari kuwa mwenyekiti wa kamati? Asimame." Mimi nilikuwa nimesimama tangu maombi ya kufungua. Wakapiga makofi. Hivyo mtu asiyeweza kuinua hata tofali akakabidhiwa ujenzi.

Aliyeniokoa ni nyanya mmoja Mmaasai, tuliyezoea kumwita koko, yaani nyanya kwa lugha yao. Alinifuata baada ya ibada, akanishika mkono.

"Wewe, ni Roho ama ni mgongo?"

"Ni mgongo, koko."

"Nilijua. Mimi ni magoti." Akacheka hadi akashika ukuta. "Sasa mbona unateseka mbele ya watu? Kuja nyuma na mimi."

Wiki iliyofuata nikaliambia kanisa ukweli. Wakaitikia amina vilevile. Nikahamia ukuta wa nyuma, karibu na koko. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa saba: kulikuwa na bega, nyonga, na mama mmoja wa kisigino. Mtu akishikwa, tulitoka naye nje, tukalizunguka kanisa polepole, tukarudi. Wageni walidhani sisi ni kikundi cha maombi, na wawili wakajiunga.

Uenyekiti hawakuninyang'anya. Niliendesha mikutano nikiwa wima, nikaomba kila mtu asimame pia, na tangu hapo hakuna mkutano uliozidi nusu saa.

Maumivu hayakuisha. Siku zingine nalala sakafuni, na mke wangu ananiruka akiwa na sufuria ya uji. Lakini nilijifunza kupumzika kabla hayajanishika, na kusema mapema, "Leo ni mbaya."

"Sawa," husema mke wangu. "Sogeza miguu, nipite."