Maombi kwa Ajili ya Dada Mmoja

Nilipotumwa Kosele kufanya mazoezi ya kazi ya kanisa kwa mwaka mmoja, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na majivuno ya mtu wa hamsini. Nimelelewa Suna, pale Migori mjini, na wazazi Wakuria wanaouza mitumba, na nilikuwa nimetoka tu chuo cha Biblia nikiwa na cheti, gitaa la kuazima na hakika kwamba Mungu alikuwa akinisubiri mimi ili kazi ianze. Jina rasmi la kazi yangu lilikuwa mwanagenzi wa huduma ya vijana. Washirika walilifupisha wakaniita pasta mdogo. Mwezi wa kwanza nilikataa kwa unyenyekevu wa uongo. Mwezi wa pili nilikuwa naitika kabla hawajamaliza kuniita.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuringia. Kupanga viti, kuandaa somo la Jumamosi, kupigia wazazi simu, kutafuta ni nani ameenda na waya wa spika, kupatanisha kwaya iliyogombana juu ya rangi ya sare. Pasta wa kanisa, mzee mpole asiyependa maneno mengi, ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Alinipa ufunguo wa kanisa na kuniambia nipende vijana, basi. Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka ionekane kwamba nina upako.

Sasa nimweleze msichana. Alikuwa kidato cha tatu, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na alilelewa na bibi yake. Huku bibi huitwa dani, nami nilimwita hivyo hivyo ingawa si wa damu yangu. Jumamosi moja msichana huyo alikuja kanisani mapema, akanikuta nafagia, akachukua ufagio wa pili bila kuombwa. Tulifagia mpaka madhabahuni ndipo akasema.

"Dada, nikikuambia kitu utanicheka?"

"Nikucheke kwa nini? Sema."

"Mimi huanguka."

Alisema hivyo akitazama ufagio. Kifafa kilimwanza darasa la nne. Alikuwa anameza dawa asubuhi na jioni, na mwaka ule alikuwa ameanguka mara mbili tu, zote nyumbani. Kanisani hakuna aliyejua. Shule ya msingi aliyosoma, mbali na kanisa letu, walijua, na kwa sababu watu wanaamini povu la mgonjwa linaambukiza, alikaa dawati la peke yake mpaka darasa la nane. Hakulia alipokuwa akinieleza. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: kambi ya vijana, siku nne mwezi wa nane, Homa Bay, karibu na ziwa. Hakuwa amewahi kulala nje ya nyumba ya dani hata siku moja. Dani alikuwa amekataa kambi mbili zilizopita. Safari hii alikubali kwa sababu kulikuwa na pasta mdogo, mwanamke, aliyesoma, ambaye angelala chumba kimoja na wasichana. Yaani alikubali kwa sababu yangu.

"Nikianguka unilaze kwa upande," alinifundisha. "Uweke kitu laini chini ya kichwa. Usinitie kijiko mdomoni. Na usiite watu, dada, tafadhali. Ikiisha uniambie tu nimeanguka, halafu tuendelee."

"Haki ya Mungu, hii imekufa hapa," nikasema, nikajigonga kifua. Biblia inakataza kuapa, na somo hilo nilikuwa nimelifundisha mwenyewe, lakini niliapa.

Niwaeleze kuhusu duara, kwa maana ndipo nilipoharibu. Ushirika wa vijana kwetu hauishi bila duara. Mnasimama, mnashikana mikono, mnafumba macho, kila mtu kwa zamu analeta hitaji lake mbele za Bwana. Hitaji la mtu mwingine unaruhusiwa kulileta pia, mradi usimtaje jina. Unasema "kuna ndugu mmoja" au "kuna dada mmoja." Ukishasema dada mmoja, umejisafisha. Unaweza kumwaga mambo ya watu pale mpaka yaishe na bado ukaitwa mwombaji. Umbea wetu wote hupitia mlango huo. Nimesikia ndoa za watu na mimba za watu zikiombewa kwenye duara, macho yote yamefumbwa na masikio yote yamesimama wima. Chuoni tulikuwa tukicheka jambo hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka zaidi.

Juma moja kabla ya kambi alikuja mgeni kutoka Homa Bay, pasta anayesimamia vijana wa eneo lote. Alikuja kuniona nikifanya kazi. Yeye ndiye angesema kama mwaka ukiisha nitaajiriwa au nitarudi Suna kukunja mitumba. Nilifundisha vizuri, naamini. Nyimbo zilikuwa sawa. Kisha tukaunda duara, na katibu wa vijana, kijana mwenye sauti ya injini ya kusaga mahindi, akaomba kabla yangu. Yawa! Aliomba mpaka watu wakaanza kutetemeka. Mama mmoja aliyekuwa akipita nje alisimama mlangoni akainua mikono. Kisha zamu ikawa yangu.

Sikuwa na kitu. Nilisema "Baba tunakushukuru" mara tatu. Nikasikia viatu vya mgeni vikisogea sakafuni, nikajua amechoka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika mkono wa yule msichana. Ningependa kusema maneno yalinitoka tu. Watu wengi niliowasimulia wamenisaidia kwa kusema hivyo: yalikutoka tu, dada, ulikuwa na presha. Hapana. Nilitafuta kichwani kitu kizito cha kuombea, nikakiona, nikakichukua.

"Baba, kuna dada mmoja hapa kati yetu," nikasema, na papo hapo sauti yangu ikapata nguvu. "Anayelelewa na bibi yake peke yake. Dada huyu anataka kwenda kambini kwa mara ya kwanza, lakini ugonjwa wa kuanguka umemfunga tangu darasa la nne. Anameza dawa asubuhi na jioni na anaficha kwa uchungu. Mguse, Bwana! Mguse leo!"

Ni wangapi pale walilelewa na bibi peke yake na hawajawahi kwenda kambini? Mmoja. Hata mtoto wa Sunday school angemtambua.

Hakuuvuta mkono wake. Ulilegea tu ndani ya wangu, ukabaki pale kwa sababu nilikuwa nimeushika. Duara likachemka. Mtu akaanza kupaza sauti, "Toka! Toka kwake!" na wengine wakadakia, kana kwamba tuna mwizi ndani ya nyumba. Mtu akalia. Mimi nikazidi kupandisha sauti, na sasa nitasema lile ninaloona haya zaidi kulisema: nilifurahi. Nilisikia watu wako nami, nikasikia mgeni akisema "Ndiyo, Bwana" kwa nguvu, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Kila mtu alidhani ni machozi ya huruma.

Tulipofumbua macho, wote walikuwa wakimtazama huku wakijifanya hawamtazami. Aliyekuwa upande wake wa pili alikuwa anajipangusa kiganja kwenye sketi. Msichana alianza kupanga viti ukutani, kimoja kimoja, mpaka vyote vikaisha, akachukua kitabu chake cha nyimbo akaenda. Nami sikumfuata, kwa sababu mgeni alikuwa ananishika mkono akiniambia nina mzigo wa maombi na kwamba kitu kama kile hakifundishwi chuoni.

Jumatatu akina mama watatu walikuja kwa pasta. Hawakuja na ubaya, ndivyo walivyoanza. Walimpenda mtoto yule. Lakini wasichana wao hawangelala chumba kimoja naye, wala kula sahani moja, na je, akitoa povu kwenye blanketi? Pasta alinitazama. "Wewe umesoma," akasema. "Huu ugonjwa unaambukiza?"

Swali rahisi kama hilo. Jibu nililijua. Hauambukizi hata kidogo. Ningeweza pia kusema kwamba nimefundishwa la kufanya, kwamba nitalala karibu naye, kwamba tumuache mtoto aende. Akina mama walikuwa wananikodolea macho, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ananipa chakula cha mchana kila siku ya kazi.

"Sijui, pasta," nikasema. "Ninyi ndio viongozi. Mimi ni mwanagenzi tu."

Ghafla upasta mdogo wote ukaniisha.

Waliamua abaki nyumbani, kwa usalama wake. Nikaagizwa nikamwambie. Kutoka kanisani mpaka kwa dani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ukipanda boda boda hata hujakaa vizuri umefika. Sikwenda. Nilimwandikia ujumbe kwenye simu ya dani, ambaye hasomi, mjukuu ndiye humsomea: "Shalom mpendwa. Viongozi wameona ni vyema upumzike safari hii. Usivunjike moyo, tunakuombea." Niliandika na kufuta mara nyingi, si kwa kutafuta ukweli, bali kwa kutafuta maneno yasiyonitaja. Jibu lilikuja jioni. "Sawa dada."

Kambini nilifurahia, nisidanganye. Tuliimba, tuliogelea karibu na ufuo, wasichana walinisuka. Usiku wa kwanza nilihesabu magodoro nikakuta yanatosha na moja linabaki. Mmoja wao akalivuta akaliweka juu ya lake ili alale vizuri, nami nikamwambia aendelee tu.

Nilienda kwa dani wiki mbili baada ya kambi. Nilikuwa nimejiandaa kukiri. Njiani nilikuwa nikifanya mazoezi kwa sauti, mpaka watu waliokuwa wakipalilia wakainua vichwa. Nilisema nitaanza na neno "nisamehe" kabla hata ya kuketi.

Dani alinipokea kwa mikono miwili. Akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akaleta chai na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka pamoja, akanisukumia sahani mpaka ikanigusa tumbo. Kwa sababu Kijaluo changu ni cha kuombea maji, alinisemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Pasta mdogo, mimi naona aibu kwako," akasema. "Wewe ulimwekea huyu mtoto nafasi, mimi nilisema aende. Nguo nilifua. Alafu yeye anakuja kuniambia hataki tena, anaogopa ziwa. Ziwa! Kwani anaenda kuvua samaki?" Akacheka, akampiga mjukuu wake begani. "Huyu ni mwoga sana. Umsamehee, mtoto yangu."

Msichana alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua mboga. Alisema, "Ni kweli, dani, niliogopa," na hakuniangalia. Kwa hiyo dani hakujua. Mjukuu alimficha duara, akamficha akina mama, akamficha ujumbe wangu, akajitwika uoga ambao hakuwa nao ili bikizee asiumie moyo. Na mimi niliyekuja kukiri nikakaa pale na nyoyo mdomoni. Ningesema nini mbele ya dani? Ningesema, na dani angejua kwamba kijiji chote kinajua. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwa sababu nzuri, na ilinifaa mno.

Nilipoaga, dani aliketi tena. Mgeni wa kanisa haondoki bila kuomba, na yeye alikuwa tayari ameshavua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya. "Utuombee," akasema, akaniwekea mkono gotini. "Na huyu mtoto umwombee sana. Wewe Mungu anakusikia."

Nilifungua mdomo. Nilisema "Baba." Nikarudia, "Baba," halafu hakuna kilichofuata. Nje kuku walikuwa wakiparura. Mimi, mwenye mzigo wa maombi!

"Mimi nitaomba, dani," msichana akasema.

Akaweka mboga chini. Aliomba kwa Kiswahili, nadhani ili nami nifuate. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa ng'ombe aliyezaa salama, kwa miguu ya dani iliyopata nafuu. Akaombea mtihani. Kuhusu ugonjwa wake hakutaja lolote. Kisha akafika kwangu, nami nikaogopa, kwa sababu sasa zamu ilikuwa yake. Angesema tu kwamba kuna dada mmoja. Dani alikuwa pale, mgeni mwenyewe mmoja, jina lisingehitajika.

"Na huyu mgeni wetu, Baba," akasema, "ametoka mbali kuja kutuona. Umfikishe salama. Mambo yake mengine unayajua wewe."

Nikangoja. Hakuongeza kitu.

Dani akaitikia amina. Mimi nilishindwa kuitika. Nilibaki nimeinamisha kichwa, na dani akanisubiri kwa heshima, mkono wake ungali juu ya goti langu, akidhani bado nazungumza na Mungu.