Mama Visu: Anapasua pomboo waliokufa, sokoni hawamsalimii

Jua limeshapanda na maji yamekupwa. Mwanamke aliyevaa aproni ndefu ya plastiki na buti za mpira anapiga magoti mchangani, kando ya pomboo aliyekufa. Haanzi na kisu. Anaweka kwanza kiganja ubavuni mwa mnyama, nyuma kidogo ya pezi, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kisha anakata. Mkato ni mmoja, mrefu, usio na papara. Anatoa kipande cha mafuta cheupe chenye unene wa mche wa sabuni, anakitia kwenye chupa. Linafuata ini, halafu figo. Mwisho anang'oa jino, kwa sababu maabara huweza kusoma umri wa pomboo kwenye jino lake.

"Huyu alikuwa bibi kizee," anasema bila kuinua kichwa. "Pole, bibi."

Watu wanaopita ufukweni wanazunguka kwa mbali. Kijana mmoja anakimbia mazoezi huku ameziba pua kwa fulana. Mama mwenye beseni kichwani anatazama, anamtambua aliyepiga magoti, anageuza uso na kushika njia ya juu.

"Yule tulikuwa meza jirani," anasema, akiendelea kufunga chupa.

Jina lake la sokoni ni Mama Visu. Alipewa akiwa bado msichana, enzi alipokuwa akipaa samaki magamba kwa ujira, na likamganda. Kazi anayoifanya sasa ni ya kituo cha utafiti wa bahari. Kila mnyama mkubwa anayetupwa na maji katika ufuo huu, awe pomboo, kasa au nguva, yeye ndiye anayeitwa kumpasua, ili ijulikane alikufa akiwa na nini mwilini.

Sokoni alikuwa na meza moja na mdogo wake wa kike. Yeye alikata, mdogo wake akauza. "Mdogo wangu ana mdomo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Anaweza kumuuzia samaki mtu aliyekuja kuulizia njia tu. Mimi sina maneno. Mimi nina mkono."

Ni mkono huo uliomleta daktari wa wanyama mezani kwao. Wakati huo kasa walikuwa wameanza kufa kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara hadi nyuma ya karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari. Ndege wa pwani nao walionekana wakiyumba matopeni, mabawa yamelegea, wasiweze kuruka. Daktari, mwanamke kijana mpole, alihitaji mtu wa kumsaidia kupasua mizoga bila kuharibu viungo.

"Nilisimama nikamtazama akitoa mifupa ya samaki mmoja," anakumbuka daktari. "Nikasema moyoni, huyu ndiye."

Mama Visu alikubali kwa sababu ilikuwa kazi ya siku chache. Ikawa ya miezi. Kasa wakafuatiwa na pomboo, na vichupa vikawa vinakwenda maabara kwenye sanduku la barafu. Majibu yaliporudi, yalionyesha risasi na zebaki kwa wingi wa kutisha kwenye maini na figo.

Sokoni watu walicheka. "Risasi?" aliuliza mchuuzi mmoja wa ngisi. "Nani kampiga bunduki pomboo?" Ikabidi daktari aje mwenyewe kueleza kwamba risasi hii ni madini, yale yaliyomo ndani ya betri, na kwamba maji machafu ya karakana yalikuwa yakitiririka horini kila mvua iliponyesha. Aliyoyala kaa yalikuwa mwilini mwa samaki, na aliyoyala samaki yalikuwa mwilini mwa pomboo.

Hapo kicheko kilikwisha, maana swali lililofuata kila mtu alilijua: na sisi je?

Serikali ilipiga marufuku kuvua na kuuza chochote kutoka horini. Karakana iliamriwa kusimama hadi ijenge mabwawa ya kuchuja maji yake. Lakini wateja hawakuuliza samaki katoka horini au bahari kuu. Waliacha kuja tu. Meza zilikaa kavu, paka wakakonda.

Na hasira ilihitaji pa kutua. Mwenye karakana hakuwa akionekana, kwa kuwa gari lake lilikuwa na vioo vyeusi. Daktari alikuwa mgeni. Aliyebaki karibu ni Mama Visu.

"Walisema nimewazibia riziki. Hilo nililitegemea," anasema. "Ila mdogo wangu..." Anasuuza kisu kwenye ndoo. "Mdogo wangu alikuja hadi mlangoni kwangu. Hakuketi. Akaniambia, 'Dada, samaki wote hao wa kupasua, ukaona upasue na matumbo yetu?' Akaondoka. Tangu siku ile hajaingia tena."

Anaishi kwenye chumba na sebule, nyuma ya duka la kushona. Sebuleni kuna viti viwili vya mbao, kimoja kimewekewa ndoo ya maji kwa kuwa hakuna wa kukikalia. Mumewe alifariki zamani. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Redio huwa haizimwi, hata anapotoka.

"Nikirudi nikakuta inaongea, naona kama nyumba ina watu," anasema.

Hata hivyo hakuishi maisha yake yote bila mtoto. Binti wa mdogo wake alilelewa mgongoni kwake, wakati mama yake akinadi samaki. Mama Visu ndiye aliyemfundisha kusuka nywele, na ndiye aliyempeleka darasa la kwanza akiwa analia njia nzima. Binti yule alimwita mama mkubwa, na alilitamka kana kwamba neno "mkubwa" lilikuwa pambo tu. Baada ya ugomvi, simu zake zilipungua. Kisha zikakoma.

"Simlaumu. Yuko chini ya paa la mama yake."

Katika upweke huo, msimu uliopita, wafanyakazi wa kituo walimwona pomboo jike karibu na mdomo wa hori akisukuma kitu kwa pua. Mama Visu alipelekwa kwa mashua. Kilikuwa ni kitoto chake, kimekufa. Kila kilipoanza kuzama, mama alipiga mbizi akakirudisha juu, kana kwamba kilihitaji kuvuta pumzi tu.

Daktari alikitaka kitoto kile upesi. Alikuwa na sababu. "Mbali na risasi, maji ya karakana yana sumu za plastiki na mafuta ya mitambo, nazo hukaa kwenye mafuta ya mwili wa pomboo," anaeleza. "Jike akinyonyesha, zinatoka na maziwa. Mtoto wa kwanza ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kile ambacho mama amekikusanya tangu azaliwe. Tulikuwa hatujawahi kupata kitoto kibichi cha kupima, na jua lilikuwa kali."

Mama Visu alikuwa na kamba mkononi. Mashua ilisogea hadi akaweza kuyaona macho ya yule jike.

"Nikamwambia daktari, siwezi," anasema. "Akaniambia, 'Mama, kila saa inayopita tunapoteza majibu.' Nikamwambia, najua mwanangu, lakini mwache amalize."

Amalize nini?

"Kulia. Wewe ungeiita nini?"

Daktari angeweza kumwagiza mtu mwingine. Hakufanya hivyo. Mashua ilirudi, na Mama Visu akabaki kwenye mwamba wa mdomo wa hori akimtazama jike yule akienda na kurudi na mzigo wake. Alirudi hapo kesho yake, akiwa na mwavuli na chupa ya chai.

Ni siku hiyo ya pili alipomwona mdogo wake akija kwa miguu juu ya mawe, ameshika viatu mkononi. Alidhani kuna msiba. Mdogo wake aliketi mbali kidogo, umbali wa mtu mmoja katikati yao, akatazama baharini.

"Ndiye huyo wanayemsema?" aliuliza.

"Ndiye."

"Mtoto wake wa kwanza?"

"Daktari anasema hivyo."

Kisha mdogo wake akasema, macho yakiwa palepale majini, "Mwanao ana mimba."

Mama Visu anasema alitaka kushangilia, alitaka kumkumbatia, lakini aliogopa kusogea, kama vile mtu anavyoogopa kumshtua ndege. Akauliza tu, "Ana hali gani?"

"Anatapika. Na anataka samaki tu, kila siku samaki. Mimi..." Akapangusa mchanga kwenye viatu alivyoshika. "Dada, ale nini?"

Akamweleza yote aliyokuwa amesikia kwa daktari. Chaza na kaa wa horini asiguse kabisa. Papa na samaki wengine wakubwa waliokula wenzao miaka mingi, awaache. Dagaa na samaki wadogo wa bahari kuu ale, ale ashibe, ni wazuri kwake na kwa mtoto. Na aende kliniki, aombe kupimwa damu.

"Na wale niliomlisha nyuma je?"

"Ndiyo maana nimesema apimwe."

Mdogo wake aliinuka, akavaa viatu. Hakusema asante, wala hakusema samahani. Alisema, "Jua kali, usikae sana," akarudi zake juu ya mawe.

Alasiri ile yule jike alikiachia kitoto. Maji yalikileta taratibu. Sehemu ya ini ilikuwa imeshaharibika, na daktari hakuficha kuwa baadhi ya vipimo havikuwezekana. Mafuta yalipimika. Yalikuwa na sumu nyingi kuliko ya pomboo yeyote mzima waliyewahi kumpima. Majibu hayo ndiyo yaliyowafanya wakaguzi warudi karakana, iliyokuwa imeshafunguliwa tena, na kukuta bwawa moja la kuchuja likivuja kwenda horini. Limezibwa. Hori bado limefungwa.

Soko limeamka nusu. Samaki wa bahari kuu wanauzwa tena, na mdogo wake ameirudia meza ile. Upande wa kukatia ameajiri mtu mwingine.

Je, damu ya binti ilisemaje? Mama Visu alijua kwa kumsikia muuza barafu, mzee pekee wa sokoni ambaye bado husimama kuongea naye. Ilikutwa na risasi, kiasi cha kufuatiliwa, si cha kukata tamaa. Ni muuza barafu huyohuyo aliyemletea habari wiki iliyopita kwamba binti amejifungua mtoto wa kike, na kwamba kichanga hicho kinalia kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Mzee akafikiri ananiudhi kwa kunieleza kelele za mtoto," anasema Mama Visu. "Nilifurahi. Anayelia hivyo ana mapafu."

Hakuna aliyempigia simu. Hakuna aliyemwita. Lakini Jumapili, anasema, atazima redio, atafunga mlango, na atakwenda. Ameshanunua shuka laini la mtoto, jeupe, lenye ukingo wa manjano, na fundi wa duka la mbele amelitarizi bila kudai ujira.

Anamwogopa mdogo wake?

"Sana," anasema, akinyanyua sanduku la chupa. "Mdomo wake unaujua wewe? Anaweza kunisimanga kuanzia getini. Mwache anisimange. Nitakuwa nasikiliza huku natazama ndani, nione kitanda kiko upande gani."

Anapanda mchanga kuelekea barabarani, kisha anasimama kubadilisha mkono.

"Wakinifukuza, nitaondoka," anasema. "Ila nitakuwa nimeshamwona."