Sentensi ya Tatu ya Njia ya Msituni

Jumamosi ya tarehe 1 Juni, saa nne asubuhi, kamati ya mazingira ya kijiji chetu ilikutana kupanga matembezi mepesi ya msituni. Nilialikwa kwa sababu moja: daftari la marehemu mume wangu lilikuwa kwangu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi ulio juu yetu, huku Ibaba. Njia ya mzunguko, ile inayoanzia langoni na kurudi palepale langoni, aliifungua yeye kwa panga na jembe, akaipima kwa hatua zake mwenyewe. Kuandika hakukumjia kwa urahisi. Yeye alisema, mimi nikaandika.

Kalamu niliishika mara ya kwanza tarehe 14 Machi, miaka mingi kabla ya hapo, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, katika darasa la watu wazima lililokuwa nyuma ya kanisa. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mpole mwenye macho makali. Hakumkaripia mtu mzima hata siku moja. Mwanafunzi akikosea imla yote, alimrudishia daftari na kusema, "Mwandiko ni mzuri." Tuliyaogopa maneno hayo kuliko fimbo. Nami alinifundisha jambo ambalo nimelishika hadi leo: ukiandika maelekezo, mwandikie mtu asiyekujua, ambaye hutakuwapo kumjibu akikwama.

Matembezi yale yalikuwa kwa ajili ya Mwalimu huyo. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti yamechoka, na mwanawe alikuwa anamhamishia Tunduma tarehe 30 Juni. "Nimefundisha chini ya mlima huu maisha yangu yote," aliniambia, "na sijawahi kusimama kwenye lile jiwe la mumeo." Jiwe hilo liko juu kabisa ya njia, ukisimama pale asubuhi unaliona bonde la mto Songwe na vilima vya Malawi ng'ambo yake. Nilimwahidi kwamba atalifikia.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nilipolifungua daftari mezani, aliweka kiganja juu yake.

"Shemeji, wewe tuandikie tu kwenye karatasi. Kuongoza tutaongoza sisi."

"Njia hii mmeipita lini?" nikamuuliza.

"Njia ya kaka yangu unaniuliza mimi?"

Mjumbe mmoja akauliza kande za wageni zitapikwa na nani. Shemeji akanitazama. "Mpishi si huyu hapa? Tena mpishi msomi, atazihesabu na maharage."

Wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikuondoka.

Alasiri ile niliandika rasimu yenye sentensi kumi na moja. Ya kwanza ilitaja saa ya kuanza, ya pili maji na fimbo za kutembelea. Ya tatu ilisema hivi: "Mkifika langoni shikeni mkono wa kuume, msishike wa kushoto hata mkiona ni tambarare." Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya mpango wote. Upande wa kuume mlima ni mkali lakini mfupi, na marehemu alichonga ngazi za udongo huko. Unafika kwenye jiwe mapema, kabla ukungu wa Juni haujapanda kutoka bondeni, kisha unateremka polepole kwa njia ndefu ya upande wa pili. Marehemu alizoea kusema kwamba kupanda humaliza pumzi, na kushuka humaliza goti; pumzi hurudi, goti halirudi. Kila mwanamke aliyewahi kuokota kuni kavu msituni mle, siku zilizoruhusiwa, analijua hilo kwa miguu yake. Katika kamati hapakuwa na mwanamke, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyewahi kushuka mlima ule na mzigo wa kuni kichwani.

Ijumaa ya tarehe 7 Juni nilinakili kwa wino. Nilipoifikia sentensi ya tatu, kalamu ilisimama. Nilikumbuka kile kiganja juu ya daftari. Nikaiandika ya nne, ile ya kupita kwenye mianzi, mahali pa ya tatu, na kuendelea hadi mwisho, zikawa kumi. Nilijiambia kwamba wakifika langoni watalazimika kuniuliza. Nilitaka kuulizwa. Nilitaka mtu mmoja aseme mbele ya wengine, "Mama, tushike upande gani?" Hayo ndiyo yote niliyoyataka, na leo nikiyaandika nayaona jinsi yalivyo madogo.

Jumamosi ya tarehe 22 Juni walikusanyika langoni saa mbili asubuhi. Nami nilikuwapo, pamoja na sufuria na mwiko. Mwalimu alivaa viatu vya raba vipya na kitambaa cheupe kichwani. Shemeji alitoa karatasi yangu mfukoni, akaitazama, akatazama njia zote mbili.

"Mwalimu ana magoti," akasema. "Tuanze na huku kwa upole, kushoto."

Mjumbe mmoja alisema karatasi inataja mianzi kwanza, na mianzi iko kuume.

"Mzunguko ni mzunguko, bwana. Tutavikuta vyote, ila kinyumenyume."

Alikosea kwa huruma. Hilo sikuwahi kumwambia. Mwalimu aligeuka akaniuliza, "Mwanafunzi wangu, huji?"

"Nina kande motoni, Mwalimu."

Neno moja lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Nilisubiri shemeji anigeukie. Hakunigeukia, nami nikainama kuchochea moto.

Walirudi saa tisa, kwa upande wa kuume, wamembeba Mwalimu kwenye machela ya miti na mashuka. Kwa ile njia ndefu walifika kwenye jiwe baada ya saa sita mchana, ukungu umeshafunika; aliona weupe mtupu. Wakati wa kuteremka, ngazi za marehemu zilikuwa zimelowa matone ya majani. Aliteleza kwenye ngazi ya nne. Goti la kushoto lilivimba kama kibuyu, na mguu ule haujanyooka tena. Kande zilikuwa zimeiva. Hakuna aliyekula.

Kijiji kilimlaumu shemeji. Kanisani watu waliacha nafasi pembeni yake kwenye benchi. Alinijia mara moja, kofia mkononi, akaniuliza kama karatasi ilisema lolote kuhusu upande wa kuanzia. Nikamjibu, "Karatasi unayo wewe, Shemeji. Isome." Aliisoma palepale uani kwangu, mara mbili, akaondoka ameinamisha kichwa. Nilimwacha aubebe mzigo usio wake.

Tarehe 17 Agosti nilikwenda Tunduma kumwona Mwalimu. Chumba chake kinatazama barabara ya mpakani, na dirishani huonekana matela ya malori tu yaliyopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Chini ya mto wake palikuwa na karatasi yangu. Aliiomba kwa shemeji siku ya kuhama. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Kati ya sentensi ya pili na ya tatu pana pengo," akasema. "Unatoka kwenye maji na fimbo, mara tuko kwenye mianzi. Hukunifikisha langoni. Ulisahau?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo, njia nzima tangu nilipopanda gari.

"Sikusahau, Mwalimu."

Hakuniuliza sababu. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile ya zamani, akanirudishia, kisha akaugeuza uso wake kuelekea dirishani, kwenye matela.

"Mwandiko ni mzuri," akasema.