Umaskini wa Tajiri Matano

Pale Kihesa, pembeni ya mji wa Iringa, palikuwa na tajiri mmoja aitwaye Matano bin Halfani, ambaye utajiri wake wote ulikaa mdomoni. Usidhani mdomo ni mahali padogo. Mle ndani mlikuwa na lori, nyumba tatu, na mashamba ya vitunguu kule Ruaha Mbuyuni ambayo kila mwaka yaliongezeka ekari mbili tatu bila mtu kugusa jembe.

Ukitoka mdomoni, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Lori lilikuwa la Mhindi mmoja wa mjini, na Matano alilipanda juu ya magunia kama abiria wengine, ila yeye alishuka kwa mikogo. Mashamba yalikuwa matuta manne ya kukodi. Nyumba mbili za Iringa zilikuwa vyumba viwili vya kupanga, kimoja akilala yeye na mkewe Rukia, kingine yakilala magunia ya vitunguu pamoja na mtoto wao Halfani. Nyumba ya tatu, ile ya Mbeya, ilikuwa nyumba ya kweli yenye bati na ukumbi, isipokuwa ilikuwa mali ya dada yake Bibie, mjane, ambaye hakuwa na habari kwamba yeye ni mpangaji.

Wala usimcheke upesi. Babu yake alipanda bara kutoka Kilwa enzi za misafara, na katika ukoo ule ilikuwa aibu mtu kujulikana kwamba hana. Njaa ilikuwa siri ya ndani. Rukia alinunua chumvi ya kutosha mlo mmoja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akapita mbele za watu kichwa juu. Mumewe naye alifanya sehemu yake, yaani kukaa kwenye baraza la kahawa na kueleza lori limekwama wapi.

Mambo yangeendelea vizuri hivyo hivyo kama mwaka 1956 Halfani asingefanya kosa la kufaulu. Alimaliza darasa la kumi na mbili katika sekondari ya serikali, na mwezi wa Aprili zikamfikia barua mbili katika juma moja. Ya kwanza ilitoka Chuo cha Makerere, Kampala: amekubaliwa kusomea udaktari. Ya pili ilitoka chuo kimoja cha kilimo: nafasi ya kusomea ubwana shamba kwa miaka miwili, bure kabisa bila maswali, na juu yake kaptura za kaki, buti na baiskeli ya kazi. Zote mbili zilitaka jibu kabla ya Juni kwisha.

Halfani alikuwa na miaka ishirini, na alichokitaka kilikuwa kimoja. Mdogo wake wa kike alikufa kwa homa wakati wakimngoja daktari aliyekuwa safarini, na baada ya matanga Halfani akasema atakuwa daktari. Alisema mara moja tu, kisha akaanza kusoma. Barua ya Makerere aliichomeka ndani ya mto anaolalia. Ile ya kilimo aliiacha juu ya gunia la vitunguu. Maana ubwana shamba wa miaka ile ulikuwa kazi ya kupanda milimani kuwaamrisha wakulima wachimbe matuta wasiyoyataka, na kurudi jioni na matusi ya lugha tatu.

Makerere nayo haikuwa ya watoto wa matajiri peke yao. Serikali iliwalipia wasio na uwezo kwa kadiri ya hali ya mzazi, na ili hali hiyo ijulikane palikuwa na fomu, na mzazi alitakiwa aende bomani mwenyewe akahojiwe na karani. Mtoto wa maskini alilipiwa yote. Kwa hiyo Matano alitakiwa kufanya jambo dogo sana: kusema kweli kwa muda wa dakika kumi.

"Baba Halfani," Rukia alimwambia asubuhi ya kwenda bomani akimpigia kanzu pasi, "leo waambie tulicho nacho. Usiongeze."

"Kwani mimi huwa naongeza?" Matano aliuliza, na aliuliza kwa moyo safi kabisa.

Karani pale bomani aliitwa Crispin, kijana wa Kihehe mwenye adabu na mwandiko mzuri. Yeye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la benchi. Kwenye benchi la ukutani walikaa watu saba wakingoja zamu zao, na katikati yao Selemani muuza nyama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ndiye msikilizaji mkuu wa safari za lile lori.

"Mzee Matano, nyumba ziko ngapi?" Crispin aliuliza.

Matano aliitazama fomu, akalitazama benchi. Jibu la kweli lilipanda mpaka kooni, likauona uso wa Selemani, likarudi lilikotoka.

"Tatu," alisema. "Mbili hapa, moja Mbeya."

"Shamba?"

"Vitunguu. Ruaha Mbuyuni."

"Gari?"

"Lori lipo."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe sina," Matano alisema kwa mkazo, kwani hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Crispin aliandika yote, na kwa wema wake akaongeza chini kwamba mzazi huyu anajulikana na mji mzima kuwa ni mtu mwenye mali, kisha akapiga mhuri. Selemani alimsindikiza Matano hadi mlangoni.

Jibu lilikuja mwanzoni mwa Juni kutoka ofisi ya elimu ya jimbo, Mbeya. Lilikuwa kwa Kiingereza. Halfani alilisoma amesimama, akalifasiri bila kupandisha sauti wala kuishusha: serikali inampongeza, na kwa kuwa baba yake ana nyumba tatu, mashamba na lori, gharama zote za Makerere atalipa baba. Ilikuwa fedha ya kutosha kununua lori la kweli.

Rukia aliendelea kuchambua mchele.

"Baba," Halfani aliuliza, "lori lenyewe ni lipi?"

Hakuuliza kwa ukali. Angekuwa mkali, Matano angepata pa kushika, angefoka juu ya adabu za vijana wa siku hizi na jioni ingepita. Kijana aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua. Matano aliona haya, haya ya moto hadi masikioni, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alisikia kitu kama kile.

"Nitakwenda Mbeya," alisema. "Nitawaambia sina kitu."

"Utaweza?" Rukia aliuliza.

Walikwenda baba na mwana, kutwa nzima ndani ya basi na vumbi lake, wakafikia kwa Bibie. Bibie alikuwa na habari zote, maana maneno ya Iringa hufika Mbeya kabla ya basi.

"Karibu, mwenye nyumba," alimwambia kaka yake mlangoni. "Afadhali umekuja. Bati la jikoni linavuja na sikujua nimlalamikie nani."

Asubuhi Bibie alimtazama akivaa. Matano alivaa kanzu nyeupe, akavaa juu yake joho aliloliazima kwa mwalimu wa madrasa, akaweka kofia ya viua, akatia makubadhi miguuni, akashika fimbo ya mpingo.

"Kaka, unakwenda kuoa au kuomba?"

"Siwezi kusimama mbele ya serikali kama ombaomba."

"Lakini ndilo unaloliendea."

"Ndiyo," alisema Matano, "ila si lazima nionekane."

Nje ya ofisi, Halfani alibaki chini ya dirisha na Matano akakaa kwenye benchi pamoja na mzee mmoja kutoka upande wa Tukuyu, jina lake Anania, miguu mitupu, shati lenye matundu yaliyochaguliwa vizuri. Naye alikuwa na kijana wa Makerere. Katika mazungumzo ikatokea kwamba Anania alikuwa na kahawa miti elfu mbili na nyumba ya matofali ya kuchoma, jambo alilolisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa. Aliitwa, akaingia amejikunyata, na baada ya robo saa akatoka na karatasi mkononi. Mwanawe atalipiwa yote.

Ofisa wa Kizungu hakuwa mtu mbaya. Alijua Kiswahili cha kitabuni, kila neno limekaa mahali pake. Matano alisimama mbele ya meza yake akalitamka neno ambalo ukoo wake haukuwahi kulitamka mbele ya mgeni.

"Bwana, mimi ni maskini."

Lilitoka vibaya, maana hakuwa amelizoea. Ofisa aliitazama kofia, akalitazama joho, akaishia kwenye fimbo. Kisha akafungua faili.

"Nyumba tatu?"

"Sina hata moja."

"Lori?"

"La Mhindi."

"Lakini maneno haya uliyasema wewe mwenyewe, Bwana Matano, mbele ya karani na watu."

"Nilisema uongo."

Ofisa alitabasamu kwa uchovu. "Juma hili wewe ni tajiri wa sita kuniambia hivyo. Fedha hizi ni za watoto wa maskini. Si vizuri mtu mwenye mali kuzitamani." Akainuka, akampa mkono, akamfungulia mlango kwa heshima zote anazostahili mtu wa hadhi ile. Miaka thelathini Matano alikuwa ameitafuta heshima ya namna hiyo, na siku alipoipata ilimchoma kama pasi.

Anania alikuwa bado pale benchini akiikunja karatasi yake. "Nguo yako nzuri sana, ndugu yangu," alimwambia kwa huruma. "Ndiyo imekufukuza."

Adhuhuri walikula kwa Bibie. Vyombo vilipoondolewa, Bibie aliacha mzaha.

"Nyumba hii nitaiuza," alisema. "Mimi niko peke yangu, nitapanga chumba. Halfani aende Makerere."

Matano alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akakuta hamna kitu ndani. Wote wawili wakamgeukia Halfani. Sasa chuo chake kilikuwa karibu kuliko siku zote, kimetengwa naye na neno moja tu la kukubali. Alikitazama chumba, makawa ya kufunikia chakula ukutani, mkeka, mashine ya kushonea kofia ambayo Bibie aliishi kwayo.

"Shangazi, udaktari si wa mwaka mmoja. Mwaka wa tatu fedha ya nyumba itakuwa imekwisha, utakuwa unaishi wapi?"

"Mungu yupo, mwanangu."

"Yupo. Lakini mvua ya hapa Mbeya unaijua."

Aliingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa barua ya chuo cha kilimo. Kumbe alikuja nayo. Aliomba kalamu, akaandika jibu pale pale juu ya mkeka, mistari mitatu, akaenda posta mwenyewe. Matano alimfuata hadi kizingitini akaishia hapo. Moyo ulimuuma sana, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa yule aliyevaa joho.

Kihesa, hata hivyo, ni mahali pa watu wema. Waliposikia Halfani haendi Makerere, hawakumwacha Matano ahangaike kutafuta maelezo. Walimtafutia wao. Selemani ndiye aliyeanza: tajiri ana akili, daktari unamhitaji ukiumwa, lakini vitunguu viko shambani kila siku, anamtaka kijana aje kusimamia mashamba. Kilemba cha ukoka kilikuwa tayari kimesokotwa, kilibaki kuinamisha kichwa tu. Matano alikaa kimya siku kadhaa, na ukimya wake ukasifiwa kuwa ni unyenyekevu.

Siku ya safari Halfani alipita pale kwenye kahawa, alipokuwa amekaa baba yake, na sanduku lake la bati kichwani, akielekea kwenye basi. Watu waliinuka kumpa mkono. Selemani akarudia habari ya mashamba.

"Si hivyo," Matano alisema. "Sikuwa na uwezo wa kumpeleka Makerere. Sina lori, sina nyumba, sina shamba."

Walicheka mpaka Selemani akajifuta machozi. "Mnaona?" alisema. "Matajiri wa kweli ndivyo wasemavyo."

Matano alisema tena, pole pole, neno kwa neno. Wakacheka tena.

Halfani alilitua sanduku. "Baba anasema kweli," alisema. "Mimi ndiye ninayelala na magunia yake."

Kicheko kilikatika. Mmoja alikuta kuna kitu cha kutazama ndani ya kikombe, mwingine akakumbuka kufunga kamba ya kiatu. Selemani alimtazama Matano kuanzia kofia hadi makubadhi, kama mtu anayeona bidhaa ya dukani kwa mara ya kwanza. Matano alidhani atakufa kwa aibu. Alingoja, na hakufa. Akainuka, akaliinua lile sanduku akajitwika juu ya kofia yake ya viua, yeye ambaye kwa miaka thelathini hakuna aliyemwona amebeba hata robo ya sukari, akashika njia ya kwenda kwenye basi. Halfani alimfuata nyuma, na siku hiyo hakumpokea mzigo.