Neno Juu ya Gunia la Mahindi

Muuguzi alimfunika mdogo wangu uso kwa shuka la wodi. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, mate yananitoka kama mtoto anayeota meno, mkono hauinuki hata nimguse mguu. Tangu asubuhi macho yangu yalikuwa yanaona ukungu tu. Nikauliza, "Amelala?" Muuguzi akasema, "Tulia, mama." Hapo ndipo nilijua. Hospitali hiyo iko Bungoma, na sijaingia tena wodi ile hata kumwona mgonjwa.

Tulikuwa tumekula ugali. Ugali na sukuma wiki, basi.

Mimi ni mzaliwa wa Kitale. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja huko kulima. Nikaolewa Kamukuywa, na mume wangu alipofariki mdogo wangu akaja tukae na tulime pamoja. Shule niliachia darasa la nne. Msimu ule mahindi yetu yaliisha kabla ya mapya kukomaa, kama yanavyowaishia wengi, nikaenda Kitale kwa mwenye duka la nafaka. Nilimwamini kwa sababu tulikua naye kanisa moja. Akanitolea gunia lililoandikwa kwa kalamu nene ya wino mweusi: MIX.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni mix, dadangu. Mchanganyiko, ya shamba hili na lile. Ugali wake unanukia!"

"Si unipe tu ile safi?"

"Ati unachagua mahindi kama mtu anachagua bibi! Beba bana."

Nikabeba.

Kwetu Kamukuywa mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga, haiwashi kwa gorogoro moja, kopo la kilo mbili. Wenye kidogo mnangojana, kila mtu anamwaga nyuma ya mwenzake, na unga unatoka bila kukatika. Ukifika nyumbani umebeba unga wa jirani kidogo, naye amebeba wako. Nilipokuja hapa nikiwa bibi arusi jambo hilo lilinigusa. Watu wanagombania mpaka wa shamba mpaka wanashikana mashati, halafu jioni mmoja anakula jasho la mwingine na hajui. Niliona kama ibada. Hata sasa naona hivyo.

Siku ile mwenye mashine alinitania kama kawaida. "Mama Kitale, umeleta mahindi ama umeleta kijiko? Ngoja wenzako." Tukacheka. Mama aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliniambia baadaye, nilipotoka hospitali. Alimwona mwenye mashine akichota punje zangu, akazisugua na kidole gumba, kidole kikabaki na rangi ya pinki. Akakipangusa kwenye suruali. Kisha akamwaga mahindi.

Waliosaga baada yangu walitapika, wakapona. Sisi tulikula unga wenyewe.

Mahindi yaliyobaki kwenye gunia nilimpelekea afisa wa kilimo. Alizigeuza punje moja moja. Kule kwenye ncha, mahali punje inashikana na gunzi, rangi ilikuwa bado imejificha. "Hii ni mbegu ya kupanda," akasema. "Imetiwa dawa ya kuua wadudu, na hii rangi ya pinki ni ya kuonya watu wasiile. Mtu aliiosha akachanganya na mahindi ya kula."

Nilikaa chini. Kumbe mtu aliketi na beseni, labda na sabuni, akaosha sumu, akaianika juani kama nguo za mtoto, akaangalia ikikauka. Kisha akaichanganya vizuri, weupe ndani ya weupe, hadi mimi niliyezaliwa kwenye mahindi nisione kitu. Bado nashangaa mikono hiyo ni ya aina gani.

Nikarudi Kitale. Mwenye duka hakunipa hata kiti. "Mlisaga pamoja na ya watu wengine huko kwenu. Utajuaje ni yangu?" Mwenye mashine naye: "Mimi nasaga kile kimeletwa." Nikafika kwa chifu wetu, akasikiliza, akakuna kichwa. "Mambo imechanganyika, mama. Tuombe Mungu."

Tangu hapo neno lile likawa linanifuata. Fundi wa nyumba anaitisha mix ya saruji. Shule ya wasichana na wavulana ni mixed. Nikamuuliza mwalimu mstaafu wa Kiingereza tunayekaa naye benchi moja kanisani: hili neno ni la nani?

Alitoa kamusi nene kama Biblia mbili. Akasema si la Waingereza tangu mwanzo. Lilitoka kwa Kilatini cha Warumi wa kale, likapitia kwa Wafaransa. Na Waingereza walilipokea kwanza kama sifa, mixed, ya kitu ambacho tayari kimechanganyika. Lile la kutaja kitendo, kwamba fulani anachanganya, walikuja kulikata kutoka kwa hilo baadaye sana.

"Yaani kwanza ni kitu, mtu anakuja nyuma?"

"Kwa neno hili, ndiyo mama. Kazi yenyewe walikuwa na neno lao lingine la zamani."

Neno limepita falme zilizokufa, limevuka bahari, limekaa vinywani mwa maaskofu na wafalme, hadi likafika Kitale kuandikwa juu ya gunia langu. Na mimi ndivyo hivyo hivyo: nilikuta kitu kimeshachanganyika, na aliyechanganya hayupo.

Lakini yuko. Mahindi hayajioshi.

Kwa hiyo nakurudia wewe, chifu: maombi nayajua, niliyaomba nikiwa sioni. Waite hawa wawili, na unikalishe mbele yao. Mwenye mashine aseme aliona nini na kwa nini alinyamaza. Na wewe mwenye duka, uliyesoma nami katekisimu, usiniambie habari za mashine. Mdogo wangu hakufa kwa mashine. Kabla gunia halijafika Kamukuywa, lilikuwa kwako. Nani aliosha ile mbegu? Nijibu.